Mashine ikifa leo, kesho uwe kazini: kuandaa kompyuta ya kujengea tovuti

Diski ya kompyuta yangu ya kwanza ilikufa Alhamisi moja jioni, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi. Betri ilikuwa imeshachoka siku nyingi, kwa hiyo kila umeme ulipoyumba na mashine ilizimika. Ndani yake kulikuwa na tovuti ya duka la kanga, na mwenye duka alikuwa ameshanilipa nusu ya fedha. Nakala nilikuwa nayo kwenye flashi, ila ya wiki tatu nyuma. Kuandika upya kurasa zilizopotea kulinichukua siku mbili. Kurudisha mazingira ya kazi kulinichukua wiki nzima. Sikukumbuka nilisakinisha toleo gani la nini, wala ni mpangilio gani niliubadilisha usiku wa manane nikifuata video ya mtu, wala kwa nini vitu vilikuwa vinakubali kwenye mashine ile na vinagoma kwenye hii.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Nikipewa kompyuta tupu saa nane mchana, adhana ya magharibi inikute nimeshaendelea pale nilipoishia. Mwongozo huu nimeuandika kwa kipimo hicho, kwa mtu anayeanza, mwenye kompyuta ya kawaida, pengine ya mtumba, na bando la kuhesabu. Nitafuata Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za wanaoanza. Wa Linux nitawataja njiani, na kwao mambo mengi ni mepesi zaidi.

Kabla ya kupakua chochote

Ijue mashine yako kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya Performance, usome RAM na aina ya diski. RAM ya GB 8 inatosha kabisa. Ya GB 4 utafanya nayo kazi, ila usifungue tabo ishirini za kivinjari. Diski ina uzito kuliko RAM: kama bado ni HDD ile ya kuzunguka na una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hiyo uweke SSD. Ujenzi wa tovuti unasoma na kuandika maelfu ya mafaili madogo madogo, na hapo ndipo HDD inapokufa moyo.

Kisha tazama saa ya kompyuta. Najua inachekesha, lakini mashine nyingi za mtumba zina kale kabetri kadogo ka ubao mama kaliokufa, kwa hiyo kila zikizimwa zinarudi tarehe ya miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa mbaya, kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama, Git, ya kutunza historia ya kazi, inalalamika kuhusu vyeti, na npm, ya kupakua vifurushi vya JavaScript (msimbo ulioandikwa na wengine), inakutupia neno CERT_NOT_YET_VALID. Nimemwona mtu akifuta na kusakinisha Node mara nne, kumbe kompyuta yake inaamini tuko mwaka 2015. Kale kabetri fundi anakabadilisha kwa dakika chache.

Kuhusu Windows yenyewe: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kuendelea, au ya AMD ya umri unaokaribiana na huo. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo. Yako isipofika, ushauri wangu ni Linux Mint au Ubuntu. Kwa kazi hii ya tovuti hutapungukiwa, maana seva nyingi utakazokuja kupandisha tovuti zako nazo zinatumia Linux.

Waambie Windows wakuonyeshe majina kamili

Hatua hii haimo katika miongozo mingi, na ndiyo inayowaumiza wanaoanza kuliko zote. Kijana mmoja ninayemwelekeza alinitumia picha ya skrini usiku: "Kaka, nimefuata kila kitu, lakini kivinjari kinanionyesha maandishi yenye alama tu." Kwenye picha, badala ya ukurasa, yalionekana mabano yote ya HTML kama yalivyo. Nikamwuliza faili lake linaitwaje. Akajibu `index.html`. Nikamwambia, "Nitumie picha ya folda." Kwenye folda faili lilikuwa na alama ya Notepad, si ya kivinjari. Jina lake la kweli lilikuwa `index.html.txt`. Notepad ilikuwa imeongeza mkia wake, na Windows ikauficha.

Fungua folda yoyote. Kwenye Windows 11 nenda View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kipo palepale chini ya View. Kuanzia sasa utaona mkia wa kila jina, na jina halitakudanganya tena.

Tenga mahali pa kazi

Usijengee tovuti kwenye Desktop. Kwenye Windows nyingi, Desktop na Documents vinasawazishwa na OneDrive, na huduma ya kusawazisha ikianza kugombania mafaili elfu kadhaa na programu yako, utaona makosa yasiyoeleweka, na bando litaondoka bila kuaga. Tengeneza folda fupi:

`C:\kazi`

Nina sababu mbili za kuchagua njia fupi. Kwanza, kama jina lako kwenye Windows lina nafasi katikati, kwa mfano `C:\Users\Juma Ally`, baadhi ya zana zitajikwaa kwenye ile nafasi. Pili, Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na vifurushi vya JavaScript vinapenda kujichimbia folda ndani ya folda.

Sheria ya majina tangu siku ya kwanza: herufi ndogo, bila nafasi, kistari katikati. `duka-kanga`, si `Duka La Kanga`. `kanga-nyekundu.jpg`, si `Kanga Nyekundu.JPG`. Windows inaona `Kanga.jpg` na `kanga.jpg` ni kitu kimoja, ila seva ya Linux inaona ni mafaili mawili tofauti. Kwa hiyo ukurasa unapendeza kwako, unaupandisha, picha zote zinapotea, na mteja anapiga simu.

Programu tatu, zote za bure

Pakua kutoka kwenye tovuti zao rasmi, si kwa mtu aliyeziweka kwenye kundi la Telegram:

1. VS Code, kihariri, kutoka `code.visualstudio.com`
2. Git, ya kutunza historia ya kazi, kutoka `git-scm.com`
3. Node.js, ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, inakuja na npm; chukua toleo lenye neno LTS, kutoka `nodejs.org`

Zote tatu kwa pamoja ni kama MB 200. Windows za siku hizi zina amri ya `winget` inayoweza kuzisakinisha bila kufungua kivinjari, lakini mimi napenda kupakua mafaili yenyewe na kuyaweka kwenye flashi. Siku mashine ikifa na bando limeisha, flashi inakutoa.

VS Code haina mengi. Wakati wa kusakinisha hakikisha kisanduku cha Add to PATH kimewekwa alama, uendelee.

Git ina skrini nyingi, na anayeanza huzibonyeza Next zote bila kusoma. Nyingi unaweza kuzipita hivyo, isipokuwa tatu. Ikikuuliza kihariri cha kutumia, chagua Visual Studio Code. Ukiacha Vim, ipo siku utajikuta ndani ya skrini nyeusi isiyokuruhusu kutoka, na kwa aliyekwisha kukutwa na hayo: bonyeza Esc, andika `:q!`, kisha Enter. Ikikuuliza jina la tawi la kwanza, chagua `main`. Na ikikuuliza kuhusu miisho ya mistari, chagua ile inayosema Checkout as-is, commit Unix-style. Windows na Linux zinamaliza mstari kwa alama tofauti zisizoonekana. Bila mpangilio huo, Git inaweza kukuambia umebadilisha faili zima wakati umegusa neno moja.

Node chukua LTS tu. Matoleo ya LTS ya miaka ya karibuni yamekuwa ya namba shufwa: 18, 20, 22, 24. Ndiyo yanayotunzwa kwa muda mrefu. Lile jipya kabisa waachie wanaopenda kujaribu. Kwenye Linux usichukue Node inayokuja na `apt`, maana mara nyingi ni kuukuu. Sakinisha nvm, kisha `nvm install --lts`. Kwenye Windows pia zipo zana za kubadilisha matoleo, lakini ukiwa na mradi mmoja huzihitaji. Subiri hadi mradi wa pili udai toleo lingine.

Ukimaliza, funga madirisha yote ya terminali (skrini ya kuandikia amri) uliyokuwa umefungua. Terminali husoma orodha ya programu pale inapofunguliwa tu, kwa hiyo iliyofunguliwa kabla ya usakinishaji itakuambia `node` haipo, nawe utaapa kwamba umeisakinisha.

Terminali moja, basi

Windows ina PowerShell, Command Prompt, na sasa Git imekuletea Git Bash. Chagua Git Bash na ubaki nayo. Kwa nini? Amri zake nyingi ni zilezile za Linux na Mac, kwa hiyo miongozo mingi utakayoisoma itakubali. Pia utakwepa kosa linalowakuta wengi kwenye PowerShell mara ya kwanza wanapoandika `npm`, lile linalosema `npm.ps1 cannot be loaded because running scripts is disabled on this system`. Si kwamba Node imeharibika. PowerShell tu imekatazwa kuendesha hati. Ukilazimika kuitumia, andika mara moja:

`Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`

Ndani ya VS Code bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Terminal: Select Default Profile, uchague Git Bash. Sasa fungua terminali kutoka kwenye menyu ya Terminal, uulize moja moja:

```
git --version
node -v
npm -v
```

Zikijibu namba tatu, mko pamoja. Andika namba hizo kwenye karatasi au daftari, utaambiwa baadaye za nini.

Mipangilio ya kihariri

Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Open User Settings (JSON), ubandike hii:

```
{
  "files.autoSave": "afterDelay",
  "files.eol": "\n",
  "editor.formatOnSave": true,
  "editor.tabSize": 2,
  "editor.wordWrap": "on",
  "update.mode": "manual",
  "extensions.autoUpdate": false
}
```

Mstari wa kwanza ni wa umeme: faili linajihifadhi lenyewe muda mfupi baada ya wewe kuacha kuandika. Ujue tu kwamba kujihifadhi huko hakupangi msimbo wako vizuri. Ukitaka upangwe, bonyeza Ctrl+S kwa mkono. Mistari miwili ya mwisho ni ya bando. VS Code na viendelezi vyake havitajisasisha katikati ya kazi. Basi chagua siku moja kila mwezi, ukiwa mahali penye intaneti nzuri, usasishe mwenyewe, kwa sababu masasisho yanaziba matundu ya usalama. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, uwashe Metered connection kwa mtandao huo, nayo Windows itapunguza kula bando kisirisiri.

Viendelezi? Kimoja: Live Server, kinachokufungulia ukurasa kwenye kivinjari kupitia seva ndogo ndani ya kompyuta yako. Utaona orodha za "viendelezi 25 ambavyo lazima uwe navyo". Achana nazo. Kila kiendelezi ni mtu mwingine anayeshika usukani wa kihariri chako, na ukiwa mgeni hutajua kosa ni lako au ni lake. VS Code yenyewe inajua kupanga HTML, CSS na JavaScript bila msaada.

`code --install-extension ritwickdey.LiveServer`

Ukurasa wa kwanza

```
cd /c/kazi
mkdir duka-kanga
cd duka-kanga
code .
```

Kwenye Git Bash, `C:\kazi` inaandikwa `/c/kazi`. Tengeneza faili `index.html`, andika alama ya mshangao peke yake, bonyeza Tab. Kiunzi kizima cha ukurasa kinajitokeza. Badilisha `lang="en"` iwe `lang="sw"`, vinginevyo kivinjari kitaambiwa ukurasa wako ni wa Kiingereza, na programu za kuwasomea wasioona zitayatamka maneno yako kama Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii. Ongeza kichwa cha habari na picha moja ya kanga uliyoiweka ndani ya folda ya mradi, kisha bofya Go Live chini kulia.

Kivinjari kitafungua `127.0.0.1:5500`. Namba hiyo ya mbele maana yake ni kompyuta yako yenyewe, na hakuna bando linalotumika. Wengine hufungua faili kwa kubofya mara mbili, na mwanzoni hukubali, lakini anuani ikianza na `file://` kivinjari kinazuia baadhi ya mambo, hasa moduli za JavaScript na kusoma data kwa `fetch`. Jizoeze seva tangu leo.

Bonyeza F12 ukiwa kwenye ukurasa. Sehemu ya Console ndiyo itakayokuambia ukweli pale ukurasa utakapogoma. Sehemu ya Network ina uwezo wa kuiga intaneti ya polepole: chagua 3G uone duka lako linavyofunguka kwa mteja aliye kijijini. Picha ya MB 4 uliyoipiga kwa simu itakutia aibu palepale.

Git na GitHub

Jitambulishe mara moja:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua@pepe.yako"
```

Kisha, ndani ya `duka-kanga`, kabla ya kitu kingine chochote, tengeneza faili liitwalo `.gitignore` lenye mistari hii:

```
node_modules
dist
.env
```

`node_modules` ni vifurushi vinavyopakuliwa upya wakati wowote, kwa hiyo havina haja ya kutunzwa. `.env` ndimo watu wanamoweka funguo za siri za huduma za malipo na hifadhidata. Ukiisukuma kwenye GitHub, tovuti ya kutunzia nakala ya mradi mtandaoni, hata mara moja, kuifuta baadaye hakusaidii, kwa sababu inabaki kwenye historia. Hapo dawa ni kubadilisha funguo zenyewe.

Sasa hifadhi hatua ya kwanza:

```
git init
git add .
git commit -m "Ukurasa wa kwanza wa duka"
```

Fungua akaunti ya GitHub. Video nyingi za zamani zinamwonyesha mtu akiandika nywila yake kwenye terminali. Usipoteze muda, njia hiyo ilifungwa tarehe 13 Agosti 2021. Tengeneza ufunguo wa SSH, wa kujitambulisha kwa usalama bila nywila:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "barua@pepe.yako"
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Amri ya pili inatoa mstari mmoja mrefu unaoanza na `ssh-ed25519`. Unakili wote, ingia kwenye Settings za GitHub, sehemu ya SSH and GPG keys, uubandike. Faili lenye `.pub` ndilo la kutoa kwa watu. Pacha wake asiye na `.pub` hatoki kwenye mashine yako, si kwa rafiki, si kwa fundi, si kwenye WhatsApp. Jaribu:

`ssh -T git@github.com`

Mara ya kwanza itakuuliza kama unaiamini seva hiyo. Linganisha alama inayokuonyesha na zile ambazo GitHub wamezitangaza kwenye kurasa zao za msaada, kisha andika `yes`. Itakusalimu kwa jina na kumalizia kwamba GitHub haitoi terminali. Wengi husoma nusu ya pili wakadhani wamekosea. Ukishasalimiwa, umeingia.

Tengeneza ripozitori tupu (mahali pa kutunzia mradi) kwenye GitHub iitwayo `duka-kanga`, usiweke tiki kwenye README wala kitu kingine, kisha:

```
git remote add origin git@github.com:jina-lako/duka-kanga.git
git push -u origin main
```

Kuanzia hapo, kila jioni kabla ya kufunga: `git add .`, `git commit -m` na maneno yako, `git push`. Maneno yaandike kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria nacho. "Nimerekebisha bei kwenye simu" itakufaa baada ya miezi sita kuliko Kiingereza cha kuungaunga.

Node sasa inapata kazi

Wiki za mwanzo Live Server inatosha. Ukianza kutumia vifurushi vya JavaScript, ongeza Vite, zana inayoendesha seva ya majaribio na kuviunganisha vifurushi hivyo, kwenye folda ileile. Matoleo ya karibuni ya Vite yanadai Node 20.19 au 22.12 kwenda juu. Ndiyo maana nilikuambia uandike namba.

```
npm init -y
npm install -D vite
npm pkg set scripts.dev="vite"
npm run dev
```

Itakupa anuani yenye `5173` mwishoni. Hapa kuna mtego ambao umenila mimi mwenyewe saa nzima: kama seva ya folda nyingine bado inaendesha kwenye terminali nyingine, Vite haikasiriki. Inahamia tu `5174`. Wewe unabaki kwenye tabo ya `5173`, unabadilisha rangi, hakuna kinachobadilika, unabadilisha tena, hakuna. Soma namba iliyoandikwa kwenye terminali kila unapoanzisha, na ukimaliza kazi zima seva kwa Ctrl+C.

Katika folda yako sasa kuna `package.json` na `package-lock.json`. Yote mawili yaende kwenye Git. La pili limeandika toleo halisi la kila kifurushi, na ndilo litakalokuwezesha kupata vilevile kwenye mashine nyingine. Ukiona mtu anashauri lifutwe kila kukiwa na tatizo, muulize kwanza tatizo ni lipi.

Mnaofundishwa PHP chuoni kwa XAMPP, folda yenu ni `htdocs`, na ugomvi wenu mkubwa utakuwa wa milango: Apache inataka 80, MySQL inataka 3306, na kukiwa na programu nyingine mlangoni haitawaka. Ya Git, majina na nakala ni yaleyale.

Ukurasa kwenye simu

Wateja wako wengi watafungua duka kwa simu, basi lijaribu kwa simu ya kweli. Unganisha kompyuta na hotspoti ya simu yako, kisha:

`npm run dev -- --host`

Vite itaonyesha anuani ya pili kwenye neno Network, yenye mfano wa `http://192.168.43.120:5173`. Iandike kwenye kivinjari cha simu. Windows ikiuliza ruhusa ya ukuta wa moto, ikubalie. Mawasiliano haya ni kati ya simu na kompyuta tu, hayapiti kwenye mnara, hayali bando. Fanya hivi kwa mtandao wako mwenyewe. Kwenye Wi-Fi ya mgahawa unakuwa umemfungulia kila aliyekaa pale.

Karatasi ya maandalizi

Ndani ya mradi weka faili `MAANDALIZI.md`. Andika zile namba tatu, mipangilio ya VS Code uliyobandika, kiendelezi ulichosakinisha, na amri za kuanzisha mradi kwa mpangilio. Kila unapobadilisha kitu kwenye mashine ili kazi iende, rudi uongeze mstari, na tarehe. Langu lina mstari mmoja unaosema tu "saa ya kompyuta!!" na umeniokoa mara mbili.

Jaribio

Usingoje mashine ife ndiyo ujue kama umejiandaa. Sukuma kazi yako yote GitHub. Zima seva kwa Ctrl+C na ufunge VS Code kabisa, maana Windows haitakubali kubadilisha jina la folda iliyoshikwa na programu nyingine. Fungua Git Bash kutoka kwenye menyu ya Start:

```
cd /c/kazi
mv duka-kanga duka-kanga-zamani
git clone git@github.com:jina-lako/duka-kanga.git
cd duka-kanga
npm ci
npm run dev
```

`npm ci` inasakinisha kulingana na `package-lock.json` bila kubuni chochote. Ukitaka kubana bando, ongeza `--prefer-offline`, nayo itaangalia kwanza akiba iliyo kwenye mashine.

Fungua ukurasa. Mara ya kwanza, uwezekano mkubwa kuna kitu kitakosekana. Mara nyingi ni picha: uliiongeza baada ya `git add .` ya mwisho, haikuwahi kufika GitHub. Au ni faili la `.env`, ambalo kwa haki halikwenda GitHub, lakini hukuandika popote linatakiwa liwe na nini ndani. Lirekebishe kosa kwenye folda hii mpya, liongeze kwenye `MAANDALIZI.md`, sukuma, futa folda mpya, rudia kuanzia `git clone`. Mimi mara ya kwanza nilirudia mara tatu.

Ukurasa ukifunguka wote, picha, bei na vitufe, bila wewe kugusa kitu, folda ya zamani haina kazi tena:

`rm -rf /c/kazi/duka-kanga-zamani`

Soma jina hilo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Amri hii haipeleki kitu kwenye pipa la taka.